Mguno wa Baba Mkwe

Ikolo,
Kyela, Mbeya.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa shemeji Eliya,

Ugonile. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na jua la huko Bremen limeanza kuwakumbuka. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, kila mmoja na kilema chake kidogo cha kulalamikia.

Mama yetu anaendelea vizuri. Macho yamezidi kufifia lakini masikio ni ya msichana; anajua nani anaingia uani kwa mlio wa kandambili. Mume wangu Anyisile, kaka yako, mgongo unamsumbua tangu tumalize kuvuna mpunga. Zahanati hataki kwenda, kwa sababu muuguzi ni mwanamke na sindano hupigwa mahali anapopajua yeye mwenyewe.

Mpunga umekuwa mzuri kuliko mwaka jana. Mvua za Aprili zilitusumbua, maji yalifika hadi jikoni na kuku wakalala juu ya meza, lakini yalipoondoka yalituachia tope lenye rutuba. Kakao ndiyo inatutia hasira. Panya wanakula maganda mabichi, na mnunuzi anakula yaliyobaki.

Binti yako Lusungu amerefuka. Gauni la Pasaka halifiki tena magotini, na mikono yake imekuwa mirefu kama yako. Anakusalimu sana. Yeye ndiye sababu ya barua hii.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu siwezi kugombana nawe vizuri. Ukoo wetu una lile kundi ambamo ujumbe wa mtu mmoja husomwa na wote na kujibiwa na wasioulizwa. Humo ndimo ulimoagiza kwamba basuni, lile bomba kubwa la kupuliza, irudishwe kwako na mgeni wa usharika anayeondoka Jumatano. Uliandika sentensi moja, ukamaliza, ukaenda kazini. Mimi nitaandika nyingi, nawe utazisoma zote kabla hujakasirika.

Kinachogombaniwa ni kimoja: mtoto wako aendelee kupiga basuni, au aache. Usiniletee mengine. Tangu mama yake afariki, Lusungu alikuwa mtoto wa kujibu kwa kichwa. Mwalimu alidhani hasikii. Basuni ndiyo iliyomfungua kinywa, na ujumbe wako ulipofika akarudi kwenye kichwa.

Acha nianze tulikoanzia. Ulipotuletea lile sanduku, filimbi na klarineti na hilo bomba kubwa ulilolifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga, watu walinijia na maneno. Kwa nini nisiwafundishe watoto ngoma, au matarumbeta kama kanisani? Ofisa mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado nataka anipe chumba cha darasa, aliniambia hizi ni ala za Wazungu na hazina nafasi katika utamaduni wetu. Alikuwa amevaa tai. Nilimwuliza tai ile ilifumwa hapa kwetu Ngana au ilifumwa Ikombe.

Watu hawa wananichosha, Eliya. Wanaimba sauti nne kila Jumapili na kuziita zetu, na ni zetu kweli, maana tumeziimba hadi zikakubali lafudhi yetu. Lakini mtoto wa mkulima akishika kitu chenye vitufe vya fedha, ghafla utamaduni uko hatarini. Nimesoma vitabu vingi na nimegombana na watu wengi wenye vyeo, na sijaona utamaduni uliouawa na mtoto anayejifunza kupumua vizuri.

Basi nilianza na pumzi. Siku ya kwanza sikufungua sanduku. Niliweka mezani chungu cha Ikombe, kimoja cha vile vyenye shingo, nikawaambia watoto wapulize juu ya mdomo wake hadi kilie. Kikalia. Nikawapa chupa ya soda. Kisha tukaenda kukata mabua ya majani ya mpapai, tukachanja mpasuko mdogo karibu na ncha, na darasa zima likawa zizi la mbuzi. Hapo wakawa wameshaelewa jambo lote kabla ya kuona ala hata moja: hewa iliyofungiwa ndani ya uwazi, na ulimi unaotetemeka mlangoni.

Filimbi ziligombaniwa. Klarineti zilipata wenyewe haraka. Basuni hakuna aliyeitaka. Ilikuwa ndefu kuliko wao, imekunjwa mara mbili, na kile kibomba chake kilichopinda kama shingo ya bata kiliwachekesha. Mtoto mmoja aliuliza kama ni ya kunyunyizia dawa ya kakao. Lusungu akaja kimya kutoka nyuma, akaikumbatia, na vidole vikafika kote.

Miezi ya mwanzo aliiliza kama ndama tu. Nami nilifurahi. Mtoto aliyekuwa hasemi, sasa anasikika hadi barabarani.

Sasa nitakueleza jambo ambalo wewe hulijui, ingawa umezaliwa katika nyumba hii. Wewe ni mtoto wa kiume. Njia ya kutoka ziwani kuja kwenu uliipita ukikimbia, ukipiga mluzi, ukila embe. Sisi tulioolewa hapa tuliipita kwa masikio.

Unajua kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, halitaji jina lake. Akimsikia anaacha njia, anaingia migombani, anageuka na kujifunika uso hadi apite. Hilo unalijua kama mila. Lakini huijui sauti. Baba yako, mzee Amon, Mungu amrehemu, alikuwa mwungwana. Hakupenda kumshtukiza mwanamke mwenye ndoo kichwani. Kwa hiyo alikuja akiguna: sauti moja nzito, ndefu, iliyoshuka polepole hadi ikawa kama inatoka chini ya ardhi, halafu vikohozi viwili vifupi. Tukiisikia tunajua aliko, tunampisha. Anapita, na koti lake la kijivu, lile tulilomzika nalo.

Mbele ya wanawe hakuguna hivyo. Hakukuwa na haja. Ilikuwa yetu sisi wake za wanawe tu, na hakuna mtu aliyewahi kuirekodi. Lusungu alizaliwa baada ya kaburi la babu yake kuota nyasi.

Unajua pia nilivyoipinga mila hii. Nilipoolewa, niliandika gazetini kwamba mwanamke msomi hawezi kuishi kama sungura, akijitupa kichakani kila mzee anapokohoa. Sijabadilisha neno. Mzee alilinunua gazeti lile mjini. Alikuwa na kawaida ya kuniachia kichane cha ndizi mbivu juu ya kisiki pale njia panda, maana salamu haikuwezekana. Wiki ile nilikuta gazeti, limekunjwa kwenye ukurasa wangu, bila ndizi. Wiki iliyofuata ndizi zilirudi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na alikufa bila kunisikia nikisema neno.

Mwezi wa Februari, alasiri, Lusungu alikuwa kwenye baraza la darasa akijaribu noti za chini. Mke wa kaka yako Ezekiel, Mama Tuntufye, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Nilimwona dirishani. Basuni ikashuka, ikashuka tena, ikafika chini kabisa. Mama Tuntufye akatua ndoo, akaacha njia, akaingia migombani, akageuka na kujifunika kanga.

Nilitaka kumcheka. Kisha nikagundua kwamba simwoni tena. Nilikuwa nyuma ya mlango wa darasa, uso ukutani, kanga kichwani, na watoto wa filimbi wananitazama.

Halafu ndani ya bomba vikatoka vikohozi viwili.

Nilikuandikia wakati ule nikikuuliza kwa nini basuni hukohoa, ukanijibu ni unyevu unaojikusanya kwenye bomba, niufute kwa kitambaa. Nilifuta. Sikukueleza zaidi, kwa sababu sikutaka kuwa mwanamke niliyempinga gazetini. Nilimwuliza Lusungu amejifunzia wapi kushuka hivyo. Akanijibu kwamba hajajifunza. "Ikifika chini inakwenda yenyewe, mama mkubwa," akasema. "Mimi naifuata tu."

Nikajaribu kila kitu. Nilimpa mtoto mwingine basuni ileile. Akailiza kama ndama hadi alipofika chini. Pale akashuka kwa mwendo uleule, na vikohozi vikafuata. Nilibadilisha ulimi, nikaweka ule mpya wa kutoka kwako. Hali ikawa ileile. Nilimpa Lusungu klarineti. Ikabaki klarineti, mtiifu kabisa. Nikajiambia ni mazoea ya mwili, kwamba wanawake wakisikia noti nzito wanakumbuka, na mengine tunayajaza wenyewe. Nilikaa na maelezo haya kwa wiki kadhaa, na kila jioni yalipungua kidogo.

Kisha ikaja sikukuu ya mavuno. Kanisa lilijaa hadi kwenye madirisha, magunia ya mpunga mbele, mikungu ya ndizi, bata mmoja aliyefungwa miguu na kulalamika wakati wa maombi. Watoto wangu walipiga wimbo wa kutoa shukrani kwa sehemu zake zote, filimbi juu, klarineti katikati, basuni chini. Nilisimama mbele na kijiti changu. Ungewasikia, Eliya. Nilimwona yule ofisa wa tai ameweka mkono mdomoni.

Kwenye ubeti wa mwisho basuni ilishuka kuliko nilivyoandika. Upande wa wanawake wakasimama watu. Wakasimama wake wa nyumba yetu tu, mmoja kutoka benchi la tatu, mwingine nyuma, Mama Tuntufye karibu na kwaya, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Wakatoka kwa mlango wa pembeni, wameinama, kanga usoni. Mchungaji alipotea kwenye kitabu chake. Watoto waliendelea kupiga kwa sababu niliwafundisha wasiache kamwe.

Nayasema haya kama mtu aliyeyaona, lakini nusu niliyaona kwa mgongo. Nilikuwa nje, kando ya baiskeli zilizoegeshwa, nimekishika kijiti, nimegeukia ziwa. Tulikuwa tumepanga mstari kama tuliopangwa. Ndani ya kanisa, wimbo ulipokwisha, mama yako aliongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye jikoni kwake. Tulimsikia madirishani akisema, "Leo amechelewa."

Kikao cha ukoo kilikaa kesho yake kwa Ezekiel. Nitakuwa mwadilifu kwa kaka yako, ingawa hanipendi ninapokuwa mwadilifu. Hakusema uchawi. Yeye ni mzee wa kanisa. Alisema mtoto amekatia ulimi wa basuni kwenye matete ya karibu na kaburi, na kwamba baba anasumbuliwa. Nikamwonyesha ulimi wenyewe, una nembo ya kiwanda cha huko kwenu, umetoka kwenye boksi ulilotuma. Akasema basi ni mbao. Nikamwambia mbao hizo zilikatwa Ulaya na hazijui hata Kyela iko wapi. Akasema basi ni mtoto.

Hapo niliwaka. Niliwaambia kwamba hakuna kati yao aliyemwogopa baba alipokuwa hai, waliuza hadi ng'ombe wake akiwa kitandani, na sasa wanaogopa noti. Niliwaambia wanachoogopa ni kanisa zima kuona wanawake wa nyumba yao wakisimama na kutoka bila kuamriwa na mume yeyote. Niliwaambia mtoto yatima wa mama hatapokonywa sauti ili baba zake wakubwa wapate usingizi.

Ezekiel akaningoja nimalize. Halafu akaniambia, taratibu, "Shemeji, wewe ndiye uliyeandika kwamba mila hii ife. Mbona mlangoni ulikuwa wa kwanza?"

Walicheka wote, hata Anyisile. Jioni ile wakakuandikia, nawe ukajibu kwa sentensi yako moja.

Niliitenganisha basuni vipande vyake, nikaifuta, nikaifunga kwenye boksi lake na kuiweka chini ya kitanda changu. Nilidhani ndio mwisho wa mguno. Hapo ndipo ulipoanza vibaya.

Tereza, yule muuguzi wa zahanati, ni mtu wa Bukoba. Ana mwaka mmoja tu hapa na hana baba mkwe kati yetu. Hana mume wala hamtaki. Hakuwepo kanisani siku ile, ni Mkatoliki. Alikuja kwangu kununua mchele akaniuliza, kama jambo dogo, yule mzee anayeguna kwenye njia ya nyuma ya zahanati ni nani. Amekuwa akimsikia akija wakati wa mchana. Husimama ampe shikamoo, kwa kuwa sauti ni ya mtu mzima, na mzee hatokezi. Anakohoa tu, mara mbili, kama mtu anayesubiri. Tereza alidhani ni mgonjwa anayeona aibu kuingia. "Mwambieni aje tu," akaniambia. "Kifua kile si cha kuacha."

Nilimpimia mchele wake.

Kwa hiyo hata basuni ikiwa imefungwa, mguno upo. Elewa maana yake, Eliya. Ukiirudisha Ujerumani, hutakuwa umeondoa chochote njiani. Utakuwa umemwondolea Lusungu peke yake.

Sasa nifike Alhamisi iliyopita. Ezekiel aliniita nimpelekee boksi alikague kabla mgeni hajalichukua. Nikaenda na Lusungu. Alilitazama, akahesabu vipande kama mtu anayenunua mbuzi, akalifunga. Tukaanza kurudi nalo, kwa sababu nilisema litalala kwangu hadi dakika ya mwisho. Ilikuwa alasiri, jua kali, hakuna upepo hata kidogo. Juu ya ziwa wale wadudu wa kungu walikuwa wamesimama kama nguzo za moshi, nyeusi, na nyuma yao milima ya Livingstone ilionekana kila ufa. Nakwambia haya ujue kwamba sikuwa gizani wala usingizini.

Tulipopita kisiki cha njia panda, mguno ukaanza mbele yetu.

Ulikuja na njia, ukitukaribia kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Njia ilikuwa nyeupe na tupu hadi kwenye kona. Boksi likaanza kutetemeka mkononi mwangu, vipande vya basuni ndani yake vikiitikia noti ileile, kidogo kidogo, kama sahani kabatini lori linapopita. Miguu yangu ilishaamua. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye majani ya migomba na mkono ukivuta kanga.

Lusungu alinishika nguo. Hakuwa na woga wowote. Kwa nini awe nao? Mjukuu na babu ni watani, hiyo nayo ni mila, na katika hasira zangu zote gazetini sikuwahi kuiandika. Sisi tulimkimbia mzee yule. Wajukuu walimvua kofia. Akaongea kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa, mtoto ambaye wiki nzima alikuwa anajibu kwa kichwa.

"Babu, pisha njia. Sisi tumebeba mzigo. Wewe hata miguu huna, unachoka nini?"

Mguno ukakatika.

Eliya, nimewahi kusimama mbele ya watu wengi waliotaka nikae. Sijawahi kusimama kama nilivyosimama pale. Nilirudisha mguu njiani. Niliishusha kanga mabegani. Nilitazama mbele, uso wazi, pale ambapo uso wa mtu wa kimo chake ungekuwa, na hewa ilikuwa hewa. Boksi lilinyamaza.

Halafu upande wa kushoto, majani makavu ya migomba yakavunjika. Yakavunjika mahali pamoja, kisha mbele kidogo, kisha ndani zaidi, kama yanavyovunjika mtu mzito akitoka njiani kwa uangalifu asianguke. Nilikuwa naijua sauti ile. Ni sauti yetu. Ndiyo tuliyoifanya miaka yote tukimpisha. Ikasimama umbali uleule tuliokuwa tunasimama sisi.

Alikuwa ananipisha.

Tulipita. Sikutazama upande ule. Nilipofika usawa wake nilimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, tata," na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya filimbi ya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ndilo neno la kwanza nililomwambia baba yako. Nyuma yetu vikohozi viwili, basi.

Tulipofika kwetu nilimwuliza Lusungu kama aliona kitu. Alikuwa anafungua boksi, haoni sababu ya maswali. "Alikuwa amegeuka," akasema. "Amejifunika uso kwa koti, kama mnavyojifunika ninyi."

Nilimshika mkono nikarudi naye kwa Ezekiel, nikamwambia ayarudie mbele ya mama yako na baba zake. Akayarudia. Ezekiel akaanza kusema kwamba mtoto amefundishwa. Mama akamnyamazisha kwa kiganja, akamwuliza Lusungu swali moja tu: koti alilishika kwa mkono gani.

"Wa kushoto," akasema Lusungu. "Ule mwingine aliuweka kifuani."

Unajua mwenyewe mkono wa kulia wa baba yako ulivyokuwa baada ya ile mashine ya kukobolea mpunga. Mtoto hakujua. Ezekiel aliinamisha kichwa. Mama akayaelekeza njiani macho yake yaliyofifia, akasema, "Mwacheni mtoto apige." Ezekiel hakubisha, ila alisema basuni ni mali yako na neno la mwisho ni lako. Ndivyo mambo yalivyo leo.

Usidhani sasa nimekuwa mwumini wa vizuka. Sijui kilichokuwa migombani na sitajifanya najua. Nimetafuta maelezo kwenye kila kitabu nilicho nacho, na maelezo yote yanaishia kwenye kona ile. Ninajua tu kwamba nyumba hii ina njia, na mtu aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kuipita ametoka akasimama pembeni, mwanao apite na mzigo wake. Sasa wewe uliye Bremen ndiye unataka kusimama katikati?

Mgeni wa usharika atakukabidhi barua hii na kilo mbili za mchele. Zaidi ya hayo mikono yake itakuwa mitupu. Ukitaka basuni yako, njoo uichukue mwenyewe, kwa miguu, kutoka ziwani, na upite pale kwenye kisiki alasiri. Ukifika salama nitakukabidhi bila neno. Usipokuja, tutumie ndimi nyingine za basuni, maana uliopo umeanza kupasuka, na kitabu cha mazoezi cha mtu aliyekwisha kuvuka uanafunzi.

Ninapoandika, Lusungu yuko uani na wenzake. Anawaonyesha watoto wapya wa darasa la tatu jinsi ya kushika vitufe, na anaongea, Eliya, anawafokea, sijui amejifunzia kwa nani. Sasa ameanza zile za chini. Mama Tuntufye anapita na ndoo kichwani. Amepunguza mwendo, hajaitua. Basuni inashuka. Imefika.

Mimi nimekaa kitini, na kalamu iko mkononi.

Nisalimie wote wa huko wanaokujali, na yule mama mwenye nyumba wako anayekupa mikate. Anyisile anakusalimu na mgongo wake. Ezekiel na Mama Tuntufye wanakusalimu. Mama yetu anakuombea kila alfajiri, anasema ule vizuri na uvae soksi. Mungu wa baba yako akutunze ugenini, na akuonyeshe njia ya nyumbani ikiwa wazi.

Mimi mke wa kaka yako, ninayekupenda hata ninapokufokea,

Kisa